Mashimo ya Wamatengo: kutoka Makambako hadi Mbamba Bay

Jumatatu, Makambako hadi Songea

Ukiiacha barabara kuu ya Mbeya pale Makambako na kushika ya Songea, baridi inakupokea kabla hujafika Njombe. Mwezi wa tatu huku ni mvua na ukungu tu. Zamani kando ya barabara hii ulikuwa unaona viazi, mahindi na miwati. Sasa miche ya parachichi imepangwa mistari hadi kwenye kuta za nyumba. Watu wamepata fedha kwayo, na hilo ni jambo jema. Baada ya Madaba barabara inateremka, hewa inapata joto, na mahindi yanaanza. Hayakatiki mpaka mjini.

Nimefunga safari hii kwa ajili ya swali ambalo kila semina ya kilimo inalirudia: watu watakula nini miaka thelathini ijayo? Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 watu wapatao milioni 733 waliishi na njaa. Majibu ninayoyasikia ni mbegu bora, mbolea, umwagiliaji, ndege zisizo na rubani. Yana nafasi yake. Lakini huko Mbinga kuna Wamatengo, ambao wamelima miteremko mikali kwa zaidi ya karne moja, na udongo wao bado uko mlimani. Nataka kuwaona wakifanya kazi, na msimu wake ndio huu.

Kwenye basi nimekaa na mzee mmoja anayenunua mahindi vijijini. Ameniambia kuhusu mwaka 2024, pale ukame wa El Niño ulipoipiga kusini mwa Afrika. Malawi, Zambia na Zimbabwe zote zilitangaza janga la kitaifa, na mahindi ya Tanzania yakavuka mpaka kwenda kuwalisha majirani. "Sisi tulikuwa na mvua, wao hawakuwa nayo," amesema. "Mwaka mwingine itakuwa zamu yetu."

Tumefika usiku. Songea kumenyesha.

Jumanne, Songea hadi Mbinga

Asubuhi nimezunguka maduka ya pembejeo. Msimu huu yametulia, maana mbolea ya kupandia na ya kukuzia zimeshaisha kazi, na wenye maduka wana muda wa kuzungumza. Huwezi kuelewa kilimo cha Ruvuma bila kuanzia kwenye mfuko wa mbolea.

Katikati ya miaka ya sabini serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Songea, aliye mamia ya kilomita kutoka reli na bandari, akalipwa sawa na wa karibu na soko. Mbolea nayo ikaletwa kwa bei ya chini. Ndipo Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa mikoa minne iliyotegemewa kulisha miji. Miaka ya tisini ruzuku zikaondolewa, bei moja ikafa, na mkulima akabaki na shamba lililozoea mbolea, na mfukoni hana ya kuinunua. Kisha ikaja 2022. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mbolea dunia nzima, na mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi laki moja. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150 za ruzuku kwa msimu wa 2022/23, na wakulima wakaanza kuandikishwa na kupewa namba.

Mwenye duka mmoja, mama wa makamo, amenionyesha simu yenye ujumbe wa wateja wake. "Bila namba hupati kwa bei ya ruzuku," amesema. Nimemuuliza kama ruzuku ikikoma wateja wake wataendelea kununua. Amecheka kidogo, akasema wachache.

Mimi naunga mkono ruzuku ile. Watu walivuna kwa sababu yake, na mwenye njaa hawezi kusubiri nadharia. Ila mbolea ya urea inatengenezwa kwa gesi, na sehemu kubwa ya mbolea yetu inashuka bandarini kutoka nje. Chakula kinachotegemea meli kinayumba meli inapoyumba.

Mchana nimepanda gari la Mbinga. Kigonsera, ardhi bado ni tambarare na wanalima matuta ya kawaida. Ukikaribia Mbinga vilima vinajipanga, migomba na kahawa vinasogea barabarani.

Jumatano, upande wa Litembo

Dereva wa bodaboda amefunga mnyororo kwenye tairi la nyuma kwa sababu ya tope, na bado mara mbili tumeshuka kusukuma. Barabara inapanda na kupanda. Halafu kona moja inafunguka, na ng'ambo ya bonde kuna mlima mzima umetobolewa mashimo ya mraba, mstari kwa mstari, kuanzia karibu na kilele hadi mtoni, kama trei la mayai lililosimamishwa wima. Hizo ndizo ngoro.

Nimepelekwa kwa mama mmoja ambaye jirani zake wanasema anachimba ngoro zilizonyooka kuliko wote. Alikuwa shambani na binti yake na wake wawili wa shemeji zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita, ila usikanyage tuta."

Nimekaa nao mpaka jioni, na nitaeleza kazi yenyewe kwa kirefu, kwa sababu nikisoma maelezo ya ngoro vitabuni huwa naona shimo tu, na shimo ni matokeo.

Kazi inaanza kwa wanaume. Wanafyeka nyasi kwa nyengo na kuziacha zinyauke siku kadhaa. Zikishalegea zinakusanywa na kulazwa chini kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko wote unakuwa na miraba ya nyasi, kila mraba kama hatua mbili kwa mbili. Hapo wanaume wamemaliza. Mama anaingia katikati ya mraba na jembe. Anakata udongo wa katikati na kuumwaga juu ya nyasi za pande zote nne. Nyasi zinafukiwa, tuta linainuka. Anarushia mbegu za maharage juu ya tuta, kisha anachimba tena katikati na kumwaga udongo wa pili kuzifunika. Anapomaliza amesimama ndani ya shimo linalomfika karibu na goti, amezungukwa na matuta manne ambayo ndani yake kuna nyasi zinazoanza kuoza. Anavuka kwenda mraba unaofuata. Tuta moja linatumika na shimo la juu na la chini, kwa hiyo hakuna shimo linalosimama peke yake.

Nilimuangalia mikono. Jembe haliinuliwi juu sana. Kwenye mteremko ule ukilirusha kwa nguvu linakuvuta chini. Analishusha kwa pembe, analivuta kuelekea kwake, anageuza kiuno nusu, na udongo unatua pale pale anapotaka. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, anarusha juu zaidi na kuchoka haraka. "Mfuate mama mkubwa," mama amemwambia, "usishindane na mlima."

Maharage yatavunwa mwezi wa sita au wa saba. Shamba litapumzika kiangazi. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikikaribia, magugu yataondolewa na kutupwa shimoni, na mahindi yatapandwa kwenye matuta yale yale, juu ya nyasi zilizokwisha kuwa mboji na ardhi iliyotengenezwa na maharage. Mahindi yakishavunwa shamba linaachwa liote nyasi, halafu linachimbwa upya. Udongo na takataka zilizojikusanya shimoni zinageuka kuwa tuta la awamu nyingine. Ndiyo maana kila kaya inajitahidi kuwa na angalau mashamba mawili: moja likiwa la maharage, jingine ni la mahindi. Ng'ambo ya kijito niliona mahindi ya mama huyu yakiwa yametoa ndevu, juu ya ngoro za mwaka jana.

Nimemuuliza kama anaweka mbolea. Ameniambia kwenye mahindi anaweka akipata, kidogo. Kwenye maharage hapana. "Maharage yanakula nyasi."

Kisha nikamuuliza kazi ngumu ni ipi. Hakujibu mara moja. Alichomeka jembe chini, akaniangalia. "Zote unazoziona. Kufyeka ni siku chache. Kuchimba ni mpaka mgongo ukatae."

Alhamisi, Litembo

Usiku mvua imenyesha kwa nguvu, ile ya kumfanya mtu ashindwe kulala kwa kelele za bati. Saa kumi na mbili asubuhi nimevaa mabuti kwenda kuona.

Mashimo yamejaa nusu. Maji yametulia ndani, yana rangi ya chai ya maziwa, na ukikaa kuyaangalia unaona tope likitua chini. Pale yalipozidi yamevuka tuta mahali palipo chini kidogo na kuingia shimo linalofuata, taratibu, bila kukata mfereji. Sikuona korongo hata moja kwenye shamba zima. Kwenye njia ya miguu iliyo kando yake, ambayo haina ngoro, maji yamechimba mtaro wa kunifika kwenye kifundo kwa usiku mmoja. Mvua ile ile, mlima ule ule.

Mzee wa ukoo, baba mkwe wa mama yule, amenialika nyumbani kwake na kunieleza mpangilio wa ardhi. Mlima wao unagawanywa kwa ntambo: kipande kinachoanzia juu kwenye miti, kinashuka kwenye nyumba na kahawa, kisha ngoro, hadi mtoni, na pembeni kinapakana na mabonde. Kila ntambo ina ukoo wake. Ndani yake wanagawiana: fulani alime hapa, fulani aache hapa pumziko. Mambo hayo yalikuwa yakizungumzwa kwenye sengu, baraza la ukoo, ambapo wanaume walikula pamoja na kumaliza magomvi palepale. Kuanzia miaka ya tisini watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Kijapani walikuja kufanya kazi milimani huku, na walichukua wazo hilo la sengu kuwa msingi wa kamati za vijiji. Kule Kindimba wanakijiji walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji ya mto.

Kuhusu chanzo cha ngoro, mzee anasema Wangoni walipoingia nchi hii karne ya kumi na tisa, Wamatengo walibanana milimani kwa usalama. Watu wengi, ardhi kidogo, mteremko mkali. Ama wajifunze kuushika udongo, ama washuke kwa maadui wakiwa na njaa. Wakati ofisa mmoja wa utawala wa Waingereza anaandika kuhusu mashimo haya mwaka 1938, tayari yalikuwa desturi ya siku nyingi.

Hapa nalazimika kuipeleka kalamu Morogoro. Miaka ya hamsini utawala huohuo uliwalazimisha Waluguru kuchimba makinga maji kwenye milima yao kwa amri na faini. Mwaka 1955 watu waliandamana, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Mara nyingi kisa hiki kinaelezwa kama ushahidi kwamba wakulima wa milimani ni wakaidi. Mimi naona vinginevyo. Mlima si tofauti sana, wala watu. Waluguru waliamriwa kufanya kazi nzito ambayo faida yake hawakuiona shambani mwao, na Wamatengo wanafanya kazi nzito zaidi bila kuamriwa kwa sababu wanavuna juu ya tuta wanalolichimba. Anayetaka kuhifadhi udongo wa watu aanze hapo.

Ijumaa, Mbinga mjini

Siku ya shughuli ndogondogo. Nimeongea na wakulima wa kahawa waliokuja kwenye chama chao cha msingi cha ushirika. Kahawa imekuwepo milima hii tangu miaka ya ishirini, na ndiyo iliyosomesha watu wa Mbinga. Fedha yake ndiyo hununua mbolea ya mahindi. Bei ya kahawa ikianguka, mahindi nayo yanadhoofika.

Kuna jambo moja limenisumbua. Karibu kila niliyezungumza naye anasema pumziko limepungua. Ardhi haitoshi, vijana wanaooa wanagawiwa vipande vidogo, na shamba ambalo lingelala miaka kadhaa sasa linachimbwa mfululizo. Nyasi haziwi ndefu wala nene. Na nyasi ndiyo mbolea ya ngoro. Tuta lenye nyasi chache ni udongo mtupu. Wengine wameshuka kwenda mabondeni, Kitai na huko mbele, kufyeka miombo na kulima matuta ya kawaida. Viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, wanawasumbua huko kama wanavyowasumbua huku juu.

Sitaki mtu asome habari hii akadhani ngoro ni dawa iliyokamilika. Inahitaji nyasi, inahitaji ardhi inayolala, na zaidi ya yote inahitaji migongo ya wanawake. Yule binti wa kidato cha nne nilimuuliza kama ataichimba. Alisema mwaka huu anamsaidia mama yake, mwakani anatafuta mtaji wa duka Songea. Hakusema kwa kudharau. Amehesabu tu: msimu mzima wa kuchimba, na maharage yanauzwa kwa bei ileile ya maharage ya tambarare.

Jumamosi, Mbinga hadi Mbamba Bay

Barabara ya kushuka ziwani sasa ni lami, na ni moja ya barabara nzuri kuliko zote nilizopita nchini. Milima inafunguka ghafla na Ziwa Nyasa linaonekana lote kwa mara moja. Joto linapanda kila kona. Huku chini ni mihogo, mpunga na usipa, dagaa wa ziwa hili, walioanikwa kando ya maji.

Ndani ya gari nimekaa na ofisa ugani anayekwenda likizo kwao. Tumekuwa na mjadala ambao ndio nilioufuata safari hii yote bila kujua nitaukuta wapi.

Alianza yeye, akionyesha milima nyuma yetu. Maji ya upande mmoja yanakuja huku ziwani, na ziwa linatoka kwa mto Shire kwenda Zambezi. Ya upande mwingine yanakuwa mto Ruvuma, yanatenganisha Tanzania na Msumbiji hadi bahari ya Hindi. Ng'ambo ya ziwa, Machi 2023, kimbunga Freddy kiliporomosha milima kusini mwa Malawi na watu zaidi ya elfu moja walifariki au kutojulikana walipo. Mvua za namna ile zinaongezeka. Kila shimo la Litembo linapunguza kasi ya maji kwa watu ambao hawajawahi kusikia jina Litembo.

Nikamwambia: basi yule mama anafanya kazi ya umma. Ruzuku ya mbolea ina namba, ina mfuko, ina bei elekezi. Kazi ya kuchimba haina hata safu kwenye fomu. Kila mkutano wa usalama wa chakula unahesabu tani, hekta na dola, na nguvu inayoshikilia udongo mahali pake inahesabiwa sifuri kwa sababu inatolewa na mwanamke ndani ya familia yake. Halafu tunashangaa binti yake anakwenda kufungua duka.

"Unataka alipwe na nani?" akaniuliza.

Nikataja TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mpango wa kunusuru kaya una kazi za jamii za malipo: watu wanachimba barabara za vijiji, malambo, wanapanda miti. Kwa nini vijana na wanawake wasilipwe kuchimba ngoro miezi ya pili na ya tatu, kwenye ntambo zilizochoka, na wakati huohuo mashamba mengine yakaachwa yalale yaote nyasi?

Alifikiri kwa kirefu. Miradi ile inaibuliwa na kijiji chenyewe, alisema, na yeye hajawahi kuona kijiji kimeibua ngoro, kwa sababu lambo ni la wote na shamba ni la mtu. Nikamwambia shamba ni la mtu lakini ntambo ni ya ukoo, na maji yanayotoka chini yake yanafika hapa tulipo. Akasema hoja hiyo angeipeleka kwenye kikao angeulizwa kifungu. Tumekubaliana hivi: akirudi kazini atanitafutia mwongozo wa kazi za jamii unaotumika wilayani kwake, tuone kama kuna mahali panapokataza. Yeye kwa upande wake anataka orodha ya vijiji ambavyo pumziko la mashamba limepungua zaidi. Nimempa majina ya vitatu nilivyovitaja kwenye daftari jana, na namba ya simu ya mzee wa ukoo kule Litembo, ambaye ameniruhusu.